Bei ya Nairobi, Mlima wa Chawia: Nani Abebe Hatari ya Mzigo?

Swali tunaloulizwa na wateja wa Taita Taveta kuhusu kununua vitu mtandaoni si "nitalipa vipi?" Kulipa wanajua. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi wetu katika timu hii tulikuwa tunajifunza kusoma na kuandika, na leo nyanya yetu anatuma pesa haraka kuliko sisi, tena anakumbuka kuuliza kama ametumiwa na ya kutolea. Swali lenyewe ni hili: "Nikishatuma pesa na mzigo usije, nitamshika nani?"

Ni swali zuri, na majibu yanayotolewa kila siku hayatoshi. Mteja anaambiwa awe mwangalifu, achunguze, asiwe na tamaa. Ushauri huo si mbaya, lakini unamwachia mnunuzi mzigo wote peke yake. Maoni yetu ni kwamba biashara ya mtandaoni haijafika vizuri vijijini kwa sababu hatari yote ya safari, kutoka stoo ya Nairobi hadi mlimani, imewekwa juu ya kichwa cha mtu aliye mbali zaidi na mwenye pesa kidogo zaidi. Mpaka hilo libadilike, Chawia itaendelea kuangalia picha za vitu kwenye simu na kununua Voi.

Utamu wake tunaujua

Tusianze kwa kutisha watu. Duka la mtandaoni lina utamu wake, na mtu wa Chawia ana sababu nyingi za kulitaka kuliko mtu wa Nairobi ambaye akitoka nje ya ploti anakutana na duka kila hatua tano.

Chawia iko juu milimani, katika eneo bunge la Mwatate, karibu na ule msitu mdogo wa ukungu unaobeba jina lake. Maduka yapo. Unga utapata, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, kredo ya simu. Lakini ukitaka betri ya sola ya saizi fulani, zipu za rangi sita kwa ajili ya cherehani yako, kioo cha simu iliyopasuka au viatu vya kijana ambaye mguu wake umekataa kuacha kukua, unashuka Mwatate. Ukikosa Mwatate unaenda Voi. Ukikosa Voi unaambiwa ujaribu Mombasa. Na safari hiyo si nauli tu. Ni siku nzima. Ng'ombe hajakatiwa nyasi, kibanda kimefungwa, na mboga ulizotaka kuuza zinanyauka ukiwa umekaa ndani ya matatu inayosubiri kujaa.

Kwenye simu mambo ni mengine. Unalinganisha bei za wauzaji watano ukiwa kwenye foleni ya kisima. Fundi nguo anaona vitambaa ambavyo havijafika kaunti nzima. Mwalimu anatafuta kitabu ambacho duka la vitabu la karibu halijawahi kukisikia. Na kuna jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti: siri. Msichana anayetaka kununua sidiria au dawa ya chunusi hana haja ya kumweleza muuzaji aliyesoma darasa moja na babake.

Kwa hivyo mtu akisema watu wa mashambani "hawajawa tayari" kwa biashara ya mtandaoni, sisi tunakataa. Wako tayari siku nyingi. Ni mpango wenyewe ambao haujawa tayari kwao.

Mzigo unaopita Voi bila kushuka

Hebu tufuate kiatu kimoja. Vitu vingi tunavyouziwa mtandaoni vinatoka nje, na vinaingia nchini kupitia bandari ya Mombasa. Kontena inapakiwa kwenye lori au treni ya mizigo ya SGR, inapita Voi, ambayo iko kama kilomita 150 kutoka Mombasa, na inaendelea hadi Nairobi bila kusimama. Huko inafunguliwa, vitu vinawekwa stoo, vinapigwa picha, vinapandishwa mtandaoni. Wewe wa Chawia ukiona picha na kuagiza, kiatu kinarudi njia ile ile kilikopita wiki chache nyuma, kinashushwa Voi, kinaingia barabara ya Mwatate, na mwisho kinapanda mlima juu ya bodaboda.

Umelipia barabara ambayo kiatu kilishaipita. Na kipande cha mwisho, kile kifupi kabisa, mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote ukilinganisha kwa kilomita. Basi la Nairobi hadi Voi linabeba vifurushi vya watu wengi kwa pamoja. Boda ya kupanda mlima inabeba chako peke yake.

Tufanye hesabu. Hizi ni bei za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme viatu vya shule Voi ni shilingi 1,800, na kwenye simu umeviona kwa 1,300. Unaokoa 500, unafurahi. Basi la kuleta hadi Voi, 200. Matatu ya kubeba kifurushi hadi Mwatate, 100. Boda ya kukupandishia, 150. Hiyo ni 450. Ongeza ada ya kutuma pesa. Ile 500 uliyookoa sasa ni kama hamsini, au hata hakuna. Na hapo viatu havijabana. Vikibana, virudi Nairobi kwa 450 nyingine, na hakuna aliyekwambia ni nani atailipa.

Sasa fanya hesabu ile ile mkiwa majirani watatu. Jozi tatu, kifurushi kimoja. Basi labda litataka 300 kwa sababu mzigo umekua, matatu 150, boda 150, jumla 600. Mmeokoa 1,500 kwenye bei, mmetumia 600 kwenye safari, zimebaki 900. Kila mmoja ana mia tatu yake mfukoni. Bei ya kiatu haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mmegawana njia.

Hili ndilo tunalotaka kila mteja wetu alijue kabla ya jambo lingine lolote: bei iliyo kwenye picha ni nusu ya habari. Muuzaji ambaye hataki kukuambia gharama ya kukufikishia mpaka uwe umelipa, amekuficha nusu ya pili.

Pesa kwanza au mzigo kwanza?

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Nunua kwa duka la Mwatate, utaishika bidhaa kwa mkono mmoja na pesa kwa mkono mwingine. Unageuza, unanusa, unabonyeza, ukiridhika unalipa. Mtandaoni mikono hiyo miwili imetengana kwa mamia ya kilomita. Lazima mmoja aachilie kwanza.

Kampuni kubwa za mtandaoni zilielewa hili mapema. Jumia, ambayo imekuwa Kenya tangu 2013, na Kilimall iliyofuata mwaka 2014, zilikuta mnunuzi Mkenya hataki kumlipa mtu asiyemjua. Ndiyo maana kulipa mzigo ukifika kulikuwa sehemu kubwa ya kuwavuta wateja. Lakini biashara nyingi ya mtandaoni nchini haipiti kwa kampuni kubwa. Inapita kwenye kurasa za Facebook, Instagram, TikTok na stetasi za WhatsApp. Huko sheria ni moja: "Tuma pesa ndio tutume mzigo. Nje ya Nairobi hatufanyi kulipa ukipokea."

Tuwe wa haki. Muuzaji naye ana machozi yake. Anapakia mzigo, analipa basi, mzigo unafika Voi, mteja anazima simu. Au mteja anakuja, anapokea, analipa, halafu akishafika nyumbani anaomba pesa zirudishwe akidai alituma kimakosa. Wauzaji wadogo wengi, wengine wakiwa vijana waliomaliza chuo kama sisi na hawajapata kazi, wameumizwa hivyo. Hawaitishi pesa mapema kwa sababu ni wezi. Wanaitisha kwa sababu wanaogopa.

Kwa hivyo tuna watu wawili waaminifu, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na katikati yao mwizi mmoja anakula kwa raha. Mwizi huyo anafungua ukurasa leo, anaiba picha za duka la kweli, anaweka bei iliyo chini kuliko zote, anapokea pesa za watu thelathini, anafuta ukurasa kesho. Hana haja ya kuvunja mlango wa mtu. Anategemea tu ile desturi ya kutuma kwanza.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo kampuni za malipo hatulisemi vya kutosha. Huduma ya kurudishiwa pesa ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeuziwa viatu vibovu. Ukimtumia muuzaji pesa kwa hiari yako, kwa nambari uliyoikusudia, kwa mfumo hayo ni malipo yaliyokamilika. Na aliyepokea akishazitoa, hazipo tena mahali pa kuzirudisha. Wateja wengi wanadhani wana kinga ambayo hawana. Kuwaacha wakiamini hivyo si uungwana.

Waliotangulia walijifunza nini?

Shida hii haikuanzia Chawia wala haikuanza na simu. Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mkulima aliyekaa mbali na mji alikuwa na malalamiko haya haya: duka moja, bei juu, kuchagua hakuna. Kampuni kama Sears zikaanza kumwuzia kwa kitabu cha picha. Lakini kilichofungua soko hasa ni posta ya serikali, ilipoanza kupeleka barua hadi mashambani mwaka 1896, kisha vifurushi mwaka 1913. Kitabu cha picha kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kupanda mlima na mzigo kwa bei inayolipika.

China nayo ilikuwa na shida ya pili, ile ya kuaminiana. Soko la Taobao lilipoanza mwaka 2003, wanunuzi na wauzaji walikuwa wageni kwa wageni, kama sisi. Jibu lao lilikuwa kuweka mtu wa katikati. Mnunuzi analipa, lakini pesa hazimfikii muuzaji. Zinakaa pale katikati mpaka mnunuzi aseme amepokea mzigo na uko sawa. Alipay, ambayo leo ni kampuni kubwa ya malipo, ilikua kutokana na kazi hiyo rahisi ya kushikilia pesa.

Hapa kwetu, Copia ilijaribu kumfikia mtu wa kijijini kwa njia tofauti. Ilimtumia mwenye duka wa karibu. Unaenda kwa yule yule unayenunua kwake sukari, anakuagizia, mzigo unaletwa dukani kwake, unauchukua. Hukuhitaji simu kubwa wala bando. Ukiwa na swali, unajua pa kumpata kwa sababu anakaa karibu nawe. Mwezi Mei 2024 kampuni hiyo ilishindwa kuendelea na ikawekwa chini ya wasimamizi. Wako waliosema kwamba hilo linaonyesha kijijini hakuna soko. Sisi tunalisoma tofauti. Kuendesha malori yako mwenyewe na stoo zako mwenyewe hadi kila kijiji ni gharama kubwa sana, na mtaji wa wawekezaji una mwisho. Lakini wazo la kumweka mwenye duka katikati halikufa na kampuni. Wazo hilo ni zuri kwa sababu linafuata jinsi watu wanavyoaminiana tayari.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja unapata picha kamili. Njia ya bei nafuu, pesa zinazoshikiliwa, na mtu anayejulikana wa kupokea. Chawia ina la tatu. La kwanza inalo nusu: matatu zipo, boda zipo, kilichokosekana ni mpango wa kujaza kifurushi. La pili liko mikononi mwa kampuni za malipo.

Tunachoomba

Kwa kampuni za malipo, yetu ikiwemo. Tunapata ada pesa zinapotembea, na ingekuwa rahisi kwetu kusema "lipa, lipa, lipa." Lakini mteja akiliwa mara moja, harudi kununua tena mtandaoni, na anawaambia watu kumi kanisani na kwenye chama. Hasara ya mmoja ni hasara yetu pia. Ndiyo maana tunasema wazi: kushikilia pesa mpaka mzigo ufike kunafaa kuwa huduma ya kawaida, inayotumika hata kwenye simu ya mulika mwizi, kwa mnunuzi wa viatu vya 1,300 na si kwa matajiri tu. Anayepokea mzigo abonyeze nambari moja, muuzaji apate pesa zake. Asipopokea ndani ya siku walizokubaliana, zirudi. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote. Kinyume chake, anapata wateja ambao leo wanamwogopa.

Kwa wauzaji. Andika bei yote. Bei ya kitu, bei ya kufikisha Voi, bei ya kufikisha Mwatate, na nani anagharimia kikirudishwa. Tumia nambari ya tili iliyo na jina la biashara yako. Piga picha ya kitu chenyewe kilicho mbele yako, si picha uliyotoa ukurasa wa mwingine. Ukiwa na wateja wanne mlima mmoja, waunganishe, wagawane boda. Utauza zaidi.

Kwa wewe mnunuzi. Mpaka huduma hiyo ya kushikilia pesa iwe kwenye kila simu, haya ndiyo tunayowaambia ndugu zetu:

Kwanza, omba kulipia steji. Muuzaji akikataa kulipwa mzigo ukifika Chawia, mwombe akubali ulipe ukifika ofisi ya vifurushi Voi au Mwatate, ukiwa umeushika. Wengi hukubali ukilipa nauli ya basi mbele. Hapo hata akikukimbia, umepoteza nauli, hujapoteza bei ya kiatu.

Pili, lipa kwa tili, usilipe kwa nambari ya mtu. Tili haimfanyi mtu kuwa malaika, lakini imesajiliwa, ina jina la biashara, na ni rahisi kufuatilia. Jina likitokea kabla ya kuweka PIN, lisome. Ukurasa unaitwa jina moja na tili inaitwa jina jingine kabisa? Simama. Uliza. Akikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu.

Tatu, usinunue kwa haraka ya mtu mwingine. "Imebaki moja", "ofa inaisha saa sita", "kuna mwingine anaitaka." Muuzaji wa kweli atakuwa na nyingine wiki ijayo. Na usinunue kwa pesa ya kukopa kwenye simu kitu ambacho bado hukijaona. Kiatu kisipofika, deni litafika.

Nne, weka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Usifute ujumbe wa malipo. Piga picha ya skrini ya tangazo, bei na mazungumzo yenu kabla ya kulipa, kwa sababu kurasa hufutwa. Mzigo ukifika, ufungue pale pale mbele ya aliyeuleta, na uchukue video ukifungua. Dakika mbili hizo zimewaokolea wengi ubishi wa wiki mbili.

Tano, PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, mtu wa boda wala mfanyakazi wa kampuni yoyote ya malipo, yetu ikiwemo, anayehitaji PIN yako ili akuletee mzigo au akurudishie pesa. Anayeiomba ni mwizi hata akiwa na sauti nzuri.

Ukiliwa, usinyamaze kwa aibu. Aibu ndiyo inayomlisha mwizi, kwa sababu kila aliyeliwa anadhani yuko peke yake. Piga simu kwa huduma kwa wateja wa kampuni yako ya malipo mara moja, kabla pesa hazijatolewa. Ripoti polisi ukiwa na ujumbe wako wa malipo. Na ujue kwamba sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inazungumzia hata mikataba ya kwenye intaneti, na inamtaka muuzaji aeleze mambo muhimu kabla hujakubali. Na kwa anayejulikana jina na mahali alipo, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Hatusemi ukimbilie huko kwa kiatu kimoja. Tunasema muuzaji akijua kwamba unajua, anakusikiliza tofauti.

Mlima pia unauza

Tumezungumza kana kwamba Chawia kazi yake ni kununua tu. Hapana. Akina mama wa Taita wanasuka vikapu vya katani ambavyo mtu wa Nairobi anaweza kulipa bei nzuri akiviona. Kuna mboga, kuna asali, kuna parachichi, kuna ndizi. Leo kikapu kinauzwa kwa mtu anayepita, kwa bei anayoitaka mpitaji, kisha kinaonekana dukani mjini kikiwa na bei nyingine kabisa.

Simu hiyo hiyo inayokuonyesha viatu inaweza kuonyesha kikapu. Na gari lile lililoshusha kifurushi cha Nairobi pale Voi haliendi Nairobi tupu likirudi. Lina nafasi. Kikundi cha akina mama kumi chenye tili moja, picha safi zilizopigwa asubuhi kwenye mwanga, na siku moja ya wiki ya kushusha mizigo Voi, hicho tayari ni duka la mtandaoni. Halihitaji jengo. Linahitaji daftari, uaminifu na mtu mmoja wa kujibu jumbe.

Lakini hapo ndipo mtauona ukweli wa tunayosema. Siku mtakapokuwa wauzaji, mteja wa Kilimani atawauliza swali lile lile: "Nikituma pesa na kikapu kisije?" Hawajui. Hajawahi kufika Chawia, hajui kanisa lenu wala chifu wenu. Kwake ninyi ni picha tu kwenye simu, kama muuzaji wa Nairobi alivyo picha tu kwenu. Pesa zikishikiliwa katikati, atanunua leo. Zisiposhikiliwa, ataenda kununua kikapu kile kile dukani karibu naye, kwa bei mara mbili, na ile faida haitapanda mlima.

Ndiyo maana hatulioni jambo hili kuwa la usalama wa mnunuzi peke yake. Kijiji kisichoaminiwa hakinunui vizuri, na hakiuzi vizuri pia. Tunaojenga mifumo ya malipo tuliwezesha pesa kusafiri kutoka Nairobi hadi Chawia kwa sekunde chache. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha imani inasafiri nazo.

Kwa wiki hii, anza na jambo dogo. Kabla ya kuagiza chochote, ulizeni majirani wawili kama nao kuna kitu wanataka. Agizeni pamoja, mfikishiwe kwa mwenye duka mmoja mnayemwamini, mlipe mkiwa mmeshika mzigo. Kisha mtuambie imekwenda vipi. Tunaposhauriana na wenzetu wanaotengeneza huduma hizi, hakuna hoja yenye nguvu kuliko mteja aliyefanya hesabu yake mwenyewe na kuandika majibu.